Kupakia dawa kwenye chembe nano na kuzijaribu kwa seli za saratani ya ngozi: mwongozo kwa maabara za Arusha na Moshi

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye meza ya maabara Tengeru au Moshi anayetaka kutengeneza chembe nano, yaani vichembe vidogo mno vya polima vyenye dawa, kisha aone kama zinaua seli za saratani ya ngozi kuliko zinavyodhuru seli za kawaida. Unaishia kwenye sahani ya plastiki. Kitakachotoka hapa hakipakwi wala hakichomwi mwilini mwa mtu yeyote, hata akiomba mwenyewe. Mwenye kidonda kisichopona anapelekwa kliniki ya ngozi, na kwa mikoa yetu hakuna kisingizio cha umbali: kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi, RDTC, kipo kwenye hospitali ya KCMC Moshi tangu 1992. Watu wenye ualbino, ambao jua la huku huwaumiza kuliko wengine, hupata zaidi saratani ya seli bapa, na ikiwahiwa mapema hukatwa ikaisha.

Kutengeneza chembe ndiyo kazi rahisi. Kinachowaangusha wengi ni hesabu: hawajui kwa uhakika dawa iliyo ndani ya chembe ni kiasi gani, na hawakuweka chembe tupu, zisizo na dawa, za kulinganishia. Bila vitu hivyo viwili, grafu nzuri haina maana yoyote. Ndiyo maana hesabu imepewa sehemu yake hapa chini.

Dawa na seli

Dawa inayowajia kichwani watu wa ngozi ni 5-fluorourasili, kwa kuwa krimu yake ya asilimia 5 hutumika kwa madoa ya awali yanayoletwa na jua. Kwa njia tutakayotumia, ya kudondosha mchanganyiko kwenye maji, ni chaguo baya. Dawa hiyo inapenda maji. Ukiidondosha kwenye maji inatoroka kabla chembe haijajifunga, na utahangaika wiki nzima kupata asilimia chache ndani. Paklitakseli, dawa nyingine ya saratani, ni kinyume chake. Kwenye maji huyeyuka chini ya mikrogramu 1 kwa mililita, kwa hiyo haina pa kukimbilia ila ndani ya chembe. Tabia hiyohiyo ndiyo iliyowafanya watengenezaji wa sindano yake waiyeyushe kwenye mafuta ya nyonyo yaliyobadilishwa kikemikali pamoja na ethanoli, mchanganyiko unaowapa baadhi ya wagonjwa mzio mkali. Mwaka 2005 Marekani iliidhinisha aina iliyofungwa kwenye protini ya albumini, isiyo na kiyeyusho kile.

Kwa seli, anza na aina mbili zinazolelewa maabara: A431 upande wa saratani na HaCaT upande wa kulinganishia. A431 ni saratani ya seli bapa ya binadamu, ila ilitoka kwenye sehemu za siri za nje za mwanamke wa miaka 85, si kwenye sikio wala shingo iliyoungua jua. HaCaT ni seli za ngozi zisizo na saratani, lakini nazo zimebadilika zikawa hazifi, hivyo usiziite “ngozi ya kawaida” bila kufafanua. Ukitaka melanoma, saratani ya seli zinazotengeneza rangi ya ngozi, A375 ndiyo inayopatikana kwa urahisi. Ina badiliko la jeni ya BRAF liitwalo V600E, ambalo ni la nadra zaidi kwenye melanoma za unyayo tunazoziona kwa Waafrika. Aliyeandika kwamba matokeo ya A375 yanahusu moja kwa moja wagonjwa wa Kilimanjaro amekurupuka.

Nunua seli kutoka benki ya seli yenye cheti cha utambulisho, usiombe chupa ya rafiki. Zikifika, pandisha, gandisha angalau vichupa kumi vya mwanzo, na uzihifadhi kwenye naitrojeni kimiminika. Kwa walio Tengeru, mahali pa karibu pa kuulizia naitrojeni ni Usa River, kwenye kituo cha taifa cha uhimilishaji wa mifugo, ambako huhifadhi nayo mbegu za madume. Seli za kununua hazihitaji ridhaa ya mgonjwa. Ukitaka kutumia kipande cha kidonda kutoka wodini, hapo ni kibali cha maadili cha hospitali na cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, kwanza, kisu baadaye.

Maji, mwinuko na umeme

Maji ya bomba na ya visima kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi na chumvi zake. Usitengeneze chochote kwa maji yaliyochujwa tu. Tumia maji yaliyosafishwa hadi ukinzani wa megaohmu-sentimita 18.2. Mashine ikishuka chini ya hapo, simama, badilisha katriji. Chumvi huvuruga chaji ya chembe, na chembe zinazoshikana leo bila sababu mara nyingi zinasingiziwa polima wakati kosa ni la maji.

Mwinuko ni jambo ambalo vitabu vya nje havilitaji. Tengeru, kwenye mita kama 1,200 hivi, shinikizo la hewa ni takriban kilopaskali 87 badala ya 101. Otoklevu (chungu cha mvuke cha kuulia vijidudu) ya kizamani inayosomwa kwa geji peke yake itakudanganya: kufikia nyuzi 121 unahitaji shinikizo kamili la kilopaskali 205, yaani geji isome kama 118 (psi 17), si 103 (psi 15) iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Fuata kipimajoto cha ndani, usifuate geji. Moshi tofauti ni ndogo kuliko hapo, ila ipo.

Inkubeta, kabati la joto la kulelea seli, nayo ina lake. Asilimia 5 ya kabonidayoksaidi kwenye hewa nyepesi ni gesi pungufu kuliko asilimia 5 ya pwani, na chakula cha seli kinapanda pH kidogo, kama 0.06 hivi. Peke yake si jambo la kukukosesha usingizi. Lakini DMEM, chakula cha seli tutakachotumia, yenye bikabonati gramu 3.7 kwa lita kiasili ilitungwa kwa asilimia 10 ya gesi, kwa hiyo tayari iko upande wa alkali. Panga inkubeta kwenye 5.8, au nunua DMEM yenye bikabonati pungufu. Chakula kikigeuka waridi iliyoiva saa chache baada ya kuingia ndani, gesi haitoshi.

Umeme ukikatika, seli kwenye inkubeta iliyofungwa vizuri huvumilia kwa muda, mradi usifungue mlango kuchungulia. Kinachoharibika ni ukaushaji kwa ubaridi uliokuwa katikati: barafu ikiyeyuka ndani ya chupa, chembe zinashikana na hazirudi. Usianze ukaushaji wa saa 48 bila jenereta inayojiwasha yenyewe.

Kutengeneza chembe

Njia ni ya kudondosha, iliyoelezwa na Fessi na wenzake mwaka 1989. Polima na dawa vinayeyushwa kwenye asetoni. Asetoni inadondoshwa kwenye maji yenye kidhibiti. Asetoni inakimbilia majini, polima inaachwa haina pa kuyeyukia, inajikunja kuwa vichembe.

Kwa toleo moja andaa: PLGA (ndiyo polima yenyewe) ya 50:50 yenye ncha za asidi, uzito wa molekuli 24,000 hadi 38,000, miligramu 50, paklitakseli miligramu 5, asetoni safi ya maabara mililita 5, na PVA (ndiyo kidhibiti) ya asilimia 1 mililita 20, aina iliyohidrolizwa asilimia 87 hadi 90. Toleo la chembe tupu linatengenezwa siku hiyohiyo, kwa vitu vilevile, bila dawa.

PLGA inahifadhiwa nyuzi 20 chini ya sifuri kwenye mfuko wenye kikausha unyevu. Ukiitoa, iache ifikie joto la chumba ikiwa imefungwa, kama saa moja, ndipo ufungue. Ukifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa unatua juu yake, nao ndio unaoikata polima polepole. Kifurushi kilichosahaulika juani uwanja wa ndege wa KIA kitafika kikiwa donge moja, kwa sababu PLGA hulainika kwenye nyuzi 45 hadi 50. Donge bado linaweza kuyeyuka, lakini usiliamini kwa kazi ya kuchapisha.

PVA ndiyo inayowatoa watu jasho. Ukiimwaga kwenye maji ya moto, nje yake inaiva na ndani inabaki unga, kama ugali uliosongwa kwa pupa. Inyunyize kwenye maji baridi yakiwa yanazunguka, iache ilowe dakika 15, ndipo upandishe joto hadi nyuzi 85 na ukoroge mpaka mchanganyiko uwe angavu kabisa. Acha ipoe, ichuje kwa kichujio cha mikromita 0.22. Ikikaa wiki mbili kwenye friji, mwaga utengeneze nyingine.

Sasa kazi yenyewe.

Yeyusha PLGA na dawa kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo yenye kifuniko. Tumia kioo au polipropilini. Mirija angavu ya polistairini inalika na asetoni, na utakuwa umetengeneza chembe za mirija. Mchanganyiko ukiwa angavu, uchuje kwa kichujio cha PTFE (Tefloni) cha mikromita 0.2. Hii ni hatua ya kwanza ya kupata chembe zisizo na vijidudu, kwani ukishazitengeneza huwezi kuzitia otoklevu.

Weka PVA kwenye bika ya mililita 50, sumaku izunguke mara 500 kwa dakika, kisima cha katikati kiwe kifupi bila povu. Vuta mchanganyiko wa asetoni kwa bomba la sindano la kioo lenye sindano ya geji 25. Ncha ya sindano iwe ndani ya maji, pembeni kidogo mwa kisima. Sukuma mililita 0.5 kwa dakika. Pampu ya bomba ni bora kuliko kidole gumba. Tazama dhidi ya kitu cheusi. Tone la kwanza linaacha moshi mweupe unaotoweka. Kufikia mililita ya pili maji yanakuwa na ukungu wenye kivuli cha bluu, na ukimulika kwa tochi ya simu mwale unaonekana ukipita katikati. Bluu ni dalili njema. Weupe wa chokaa maana yake chembe ni kubwa. Nyuzi au vipande vinavyoelea ni polima iliyoganda kwenye ncha kwa sababu ncha ilikuwa nje ya maji au umesukuma kwa haraka.

Acha bika wazi kwenye kabati la kuvuta hewa, ikizunguka taratibu, saa 4 au usiku mzima. Asetoni inashika moto kwa cheche ndogo; jiko la umeme na kabati hilo visikae pamoja.

Kesho yake, kabla ya chochote kingine, weka tone kwenye kioo na utazame kwa hadubini kwa ukuzaji wa mara 400. Unatafuta sindano ndefu nyembamba. Hizo ni fuwele za paklitakseli iliyokosa nafasi ndani ya chembe. Usipozitoa, zitashuka chini pamoja na chembe kwenye sentrifuji, mashine ya HPLC, inayotenganisha kemikali na kupima kiasi chake, itazihesabu kama dawa iliyopakiwa, na utatangaza upakiaji ambao haupo. Zungusha kwa 1,000 × g (mara 1,000 ya nguvu ya uvutano wa dunia) dakika 10, chukua maji ya juu, tupa kilichotuama. Sindano zikiwa nyingi, punguza dawa hadi miligramu 2.5, usijitie ukaidi.

Kisha osha: 20,000 × g, dakika 30, nyuzi 4, mara tatu, kila mara ukirudisha chembe kwenye maji safi. Usiandike mizunguko kwa dakika ukadhani umesema kitu. Nguvu ni 1.118 × 10⁻⁵ mara nusu kipenyo cha rota kwa sentimita mara mizunguko kwa dakika iliyozidishwa kwa yenyewe. Rota yenye sentimita 8 inahitaji mizunguko kama 15,000. Ukienda juu sana, chembe zinashikana chini kama gundi. Zikigoma kurudi, ziache kwenye maji ya friji saa mbili ndipo uzivute kwa pipeti taratibu. Kuzipigisha mawimbi ya sauti kwa nguvu kunapasha joto na kutoa dawa nje.

Kwa kuhifadhi, rudisha chembe kwenye trehalosi ya asilimia 5, gandisha kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, kausha saa 48. Kabla ya kuongeza sukari, toa mililita 1, ikaushe peke yake kwenye kichupa ulichokwisha kukipima. Bila kichupa hicho hutajua uzito wa chembe, kwa sababu baadaye utakuwa unapima sukari.

Ukubwa na chaji

Zimua kwa maji hadi ukungu uwe hafifu, pima kwa DLS, mashine inayokadiria ukubwa kwa mwanga unaotawanywa na chembe, kwenye nyuzi 25, mara tatu. Tegemea nanomita 150 hadi 200 na fahirisi ya mtawanyiko chini ya 0.2. Ikiwa juu ya 0.3, namba ya wastani haina maana. Rudi kwenye kasi ya kudondosha. Kwa chaji ya zeta, yaani chaji ya uso wa chembe, tumia chumvi ya kawaida milimola 10, si maji matupu, na utarajie hasi: ncha za asidi ndizo zinazoileta, PVA iliyobaki juu inaipunguza.

Pima tena ndani ya DMEM yenye seramu asilimia 10, mwanzoni, saa 1, saa 4 na saa 24 kwenye nyuzi 37. Chembe nzuri majini zinaweza kuwa madonge kwenye chakula cha seli, na madonge hutua juu ya seli kwa uzito wao. Kilele kidogo karibu na nanomita 10 ni protini za seramu, usiogope.

Dawa ni kiasi gani?

Pima miligramu 2 za chembe kavu zisizo na sukari, ziyeyushe kwenye mililita 1 ya asetonitrili, zungusha kidogo, chuja, ingiza HPLC: safu ya C18, asetonitrili na maji 60 kwa 40, mililita 1 kwa dakika, mwanga wa nanomita 227. Tengeneza mstari wa vipimo kutoka mikrogramu 1 hadi 200 kwa mililita. Ingiza pia chembe tupu zilizoyeyushwa vivyo hivyo. Zikitoa kilele mahali pa dawa, una tatizo la polima.

Tuseme mashine imesoma mikrogramu 140 kwa mililita. Ndani ya miligramu 2 za chembe mna mikrogramu 140 za dawa, yaani upakiaji wa asilimia 7. Toleo zima limetoa miligramu 38 za chembe, kwa hiyo dawa yote iliyokamatwa ni miligramu 2.66 kati ya 5: ufanisi wa asilimia 53. Hapo kuna mtego. Mwingine atachukua upakiaji wa asilimia 7, aulinganishe na upakiaji uliotarajiwa, yaani 5 juu ya 55, sawa na asilimia 9.1, apate asilimia 77. Wote wamepiga hesabu sawasawa. Wa kwanza amehesabu na chembe zilizopotea kwenye kuosha, wa pili hakuzihesabu. Chagua moja, andika fomula yake, usibadilishe katikati ya tasnifu.

Namba ya kubeba kwenda kwa seli ni ile ya asilimia 7. Uzito wa molekuli wa paklitakseli ni 853.9, kwa hiyo nanomola 100 kwa lita ni nanogramu 85.4 kwa mililita. Gawa kwa 0.07: unahitaji mikrogramu 1.22 za chembe kwa mililita. Kwa nanomola 1,000 ni mikrogramu 12.2. Chembe tupu zinapimwa kwa uzito huohuo wa polima, si kwa “ujazo uleule”, kwa sababu toleo tupu na toleo lenye dawa hayatoki na wingi mmoja.

Kasi ya dawa kutoka ipimwe pia, ila kwa akili. Ukiweka chembe kwenye mfuko wa dayalisisi, unaopitisha dawa na kuzuia chembe, ndani ya PBS (maji ya chumvi yenye pH thabiti) tupu, dawa itaacha kutoka kwa sababu maji yamejaa, nawe utaandika “utoaji wa taratibu” wakati umepima uyeyukaji. Ongeza sabuni ya Tween 80 asilimia 0.5, badilisha PBS yote kila unapochukua sampuli, na weka mfuko mwingine wenye dawa huru, isiyofungwa kwenye chembe. Ikiwa dawa huru nayo inatoka polepole, kinachozuia ni mfuko.

Kwenye seli

Lea A431 na HaCaT kwenye DMEM yenye seramu asilimia 10, nyuzi 37. Zote mbili zinang'ang'ania plastiki. HaCaT zioshe kwanza kwa EDTA ya asilimia 0.05 dakika 10 ndipo utie tripsini, kimeng'enya cha kuzibandua. Ukizikwangua au kuzipiga chupa, utapanda madonge badala ya seli moja moja, na visima havitafanana. Pima mikoplasma, bakteria wadogo wanaochafua seli, kila mwezi. Haionekani kwa hadubini ya kawaida, na huchezea kipimo cha MTT, kinachoonyesha uhai wa seli kwa rangi, bila kuua seli.

Hesabu kwa bluu ya tripani, rangi inayoingia kwenye seli zilizokufa tu, panda seli 3,000 kwa mikrolita 100 katika visima 60 vya ndani vya sahani ya visima 96. Visima vya pembeni tia PBS mikrolita 200. Hukauka kwanza, hasa miezi mikavu ya Januari na Februari, na seli zake hudanganya. Acha sahani dakika 20 mezani kabla ya kuiingiza ndani ili seli zitue sawasawa badala ya kukusanyika ukingoni. Subiri saa 24.

Dozi: nanomola 0.1, 0.3, 1, 3, 10, 30, 100, 300 na 1,000. Kwa kila moja weka dawa huru, chembe zenye dawa, na chembe tupu. Dawa huru iyeyushe kwenye kiyeyusho cha DMSO kwa milimola 1, ili dozi ya juu kabisa iwe na DMSO asilimia 0.1, na visima vyote vya kundi hilo, hata vya dozi ndogo, viwe na DMSO kiasi hichohicho. Ongeza visima vya chakula kitupu, visima vya sabuni ya Triton X-100 asilimia 1 kama kifo cha uhakika, na visima vya chembe pamoja na MTT bila seli. Hivi vya mwisho ndivyo vinavyoachwa, navyo ndivyo vinavyoonyesha kama chembe zenyewe zinatawanya mwanga. Seti moja zaidi inastahili sahani yake: dawa huru iliyochanganywa na chembe tupu wakati wa kutia. Ikifanya kazi sawa na chembe zilizopakiwa, kazi yote ya kupakia haijaongeza kitu.

Muda ni saa 72. Paklitakseli hugandisha mirija midogo ya ndani ya seli, na seli inakamatwa ikiwa inagawanyika. Seli ambayo haijafika zamu ya kugawanyika haijaguswa. Jaribio la saa 24 linaonyesha dawa dhaifu, na chembe dhaifu zaidi, kwa sababu nyingi ya dawa bado iko ndani. Hata saa 72 usishangae dawa huru ikiishinda chembe. Ndani ya sahani dawa huru haina ini la kuiharibu wala damu ya kuiondoa. Jaribio la haki zaidi ni la kuosha: weka dozi saa 4, ondoa, osha mara mbili kwa PBS, tia chakula kipya, subiri mpaka saa 72. Hapo chembe zilizomezwa na seli zinaendelea kutoa dawa ndani, na tofauti kama ipo itaonekana.

MTT: miligramu 5 kwa mililita kwenye PBS, iliyochujwa, mikrolita 10 kwa kila kisima, saa 3 gizani. Tazama kwa hadubini kabla ya kuondoa chakula. Seli hai zina vijisindano vya zambarau vilivyojazana hadi vinachomoza ukingoni mwa seli. Zilizoguswa na paklitakseli zimevimba, zina viini vingi vidogo, na rangi bado imo. Ondoa chakula kwa pipeti ukiinamisha sahani, usiipindue. Seli zilizokamatwa kwenye mgawanyiko ni za mviringo, zimejishikiza kidogo tu, zikimwagika utazihesabu kama zimekufa. Tia DMSO mikrolita 100, tikisa dakika 10, soma nanomita 570 ukitoa 690.

Kusoma ulichopata

Toa wastani wa visima visivyo na seli, gawa kwa seli zisizotibiwa za sahani hiyohiyo, chora mstari wa S wenye vigezo vinne. Kwa paklitakseli mstari mara nyingi hautui sifuri. Unabaki tambarare juu kidogo, kwa kuwa seli zilizosimama bado zinapumua. Usiulazimishe ushuke. MTT inapima uhai wa kimetaboliki, haipimi kifo, kwa hiyo thibitisha kwa Annexin V, inayotia alama seli zinazokufa, au kwa kuhesabu makoloni baada ya siku 10.

Visima sita vya sahani moja ni jaribio moja, si sita. Rudia kwa seli za wiki nyingine na toleo jingine la chembe, angalau mara tatu, na takwimu zipigwe juu ya hayo matatu. Chembe tupu zikishusha uhai chini ya asilimia 90 kwenye dozi ya juu, shuku asetoni iliyobaki au PVA kabla hujafikiria kitu kingine chochote.

Ukitaka kuonyesha chembe zikiingia ndani ya seli, rangi kama kumarini 6 huvuja na kuingia yenyewe. Weka kisima chenye maji ya juu ya sentrifuji tu, yale yasiyo na chembe. Kisima hicho kikiwaka kijani, picha zako zote ni za rangi iliyovuja.

Taka za paklitakseli, pamoja na glavu na ncha za pipeti, ziende kwenye chombo chenye alama ya dawa za saratani na zichomwe kwenye tanuri la joto kali, karibu nyuzi 1,200. Tanuri dogo la matofali la kituo cha afya halifiki huko. Vaa glavu mbili za nitrili unapopima unga, na upime ndani ya kabati.

Hatua inayofuata sahani ni ngozi yenyewe, kwa sababu chembe za ukubwa huu hazipiti tabaka la juu la ngozi zikiwa nzima. Hukusanyika kwenye vinyweleo na kuachia dawa hapo, na molekuli ya paklitakseli, yenye uzito wa 854, ni kubwa mno kupenya kirahisi. Sikio la nguruwe ndilo linalotumika, kwenye vyombo vya kioo viitwavyo seli za Franz, vyenye joto la nyuzi 32 juu ya ngozi. Machinjio ya kitimoto Arusha na Moshi yanayo kila siku, lakini agiza mapema na uwepo mwenyewe asubuhi: sikio likishatumbukizwa kwenye maji ya moto ya kunyonyolea manyoya, tabaka la juu limeharibika, na kila kitu kitapita.